Sauti ya Ewoi kwenye Simu

Juma lililopita nilienda sokoni Lodwar kununua magodoro ya wageni wa matanga. Muuzaji, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, akachana nailoni kwa kisu ili nione ndani. "Bonyeza, dada, hii hata ulalie miaka haibonyei." Harufu ya sponji mpya ikanipiga usoni, ile harufu kali inayokaa kooni, na mimi mtu mzima na mkoba wangu begani nikaanza kulia mbele ya watu. Yule mama akanisukumia kiti cha plastiki. "Pole, ni hii jua ya leo." Nikamwambia ndiyo, ni jua. Ningemwambia nini? Kwamba mama yangu, ambaye matanga yenyewe yalikuwa yake, alinuka hivyo hivyo siku zote za utoto wangu?

Mama alitengeneza vikaragosi, wale wanasesere wa kuvaa mkononi wanaofungua mdomo wewe ukisema. Alianzia Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi, akiwa msaidizi tu wa darasa la watoto wadogo. Darasa lilikuwa vurugu tupu: Wasudani, Wasomali, Wakongo, na sisi Waturkana wachache wenye mji, kila mtoto analia kwa lugha ya kwao. Siku moja akaokota godoro kuukuu lililotupwa, akalikata kwa kisu cha jikoni, akatoa ngamia. Macho yalikuwa vifuniko vya soda, kope nyuzi nyeusi, na shingoni akamvika shanga, safu juu ya safu, kama anavyovaa mwanamke wa Kiturkana. Akamwita Nakaal. Ata, yaani nyanya yangu, alipomwona mara ya kwanza alicheka hadi akashika mbavu. "Ngamia gani huyu anavaa shanga? Ameolewa na nani?"

Nakaal alisema "Ejok!" kwanza, salamu yetu ya Kiturkana, halafu akamsalimia kila mtoto kwa lugha ya kwao. Mama alipiga magoti nyuma ya leso iliyofungwa kwenye nguzo mbili, mkono juu, jasho likimtiririka, na wale waliokuwa wakilia wakanyamaza. Aliyekataa kudanganyika alikuwa mdogo wangu Ewoi, na wakati huo hata kutembea alikuwa hajui vizuri. Alikuwa akitambaa chini ya leso, anamkuta Mama, anajilaza kwenye miguu yake mpaka mchezo uishe.

Mimi nilifundishwa kazi. Mama alinivika Nakaal mkononi, akanisahihisha bila huruma. "Usianze kubana pua! Sauti si pua. Jiulize huyu anataka nini. Ukishajua anachotaka, sauti itakuja yenyewe." Na siku panya walipomla Nakaal sikio na mimi nikaangua kilio, alinifuta machozi akasema, "Nyamaza wewe. Huyu hafi. Mradi kuna mtu wa kumsemea, yuko." Yeye alikuwa ananibembeleza tu, kama mzazi yeyote. Mimi nikayameza yale maneno mazima mazima, nikayaamini kuliko nilivyoamini ya kanisani.

Basi akaja bibi mmoja wa Kizungu anayetengeneza vipindi vya watoto vya televisheni huko Uingereza. Alikuja kupiga picha za kambi, akamkuta Nakaal anagombana na mtoto wa Kisudani kuhusu kunawa mikono. Yule bibi alicheka mpaka akakaa chini vumbini na suruali yake safi. Akaondoka, akaandika, akarudi. Kwao kulikuwa na kipindi cha vikaragosi, mtaa mzima wa wanyama wanaoishi pamoja, na walimtaka ngamia, na mwenye ngamia. Mama alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote. Alizunguka nyumba akiimba huku anakunja nguo. Baba alikuwa ameshaenda zake na malori ya Lokichoggio akapotelea huko, sitampotezea maneno. Tukapelekwa Lodwar kwa Ata, mimi na Ewoi, Mama akapanda ndege na Nakaal ndani ya mfuko wa gunia.

Majuzi Mama alipofariki, watu wa Uingereza, wanaume wazima wenye ndevu zao, waliandika mtandaoni kwamba ngamia yule aliwalea. Kwamba walikuwa wakitoka shule wanakimbia kumwahi. Kwamba mpaka leo wakikutana wanaambiana "ejok". Nilizisoma zote. Nikasema sawa, aliwalea. Wacha nami niseme ulezi wetu sisi ulikuwaje.

Sisi tulimwona kila Jumamosi, katika vipindi vilivyorekodiwa miezi mingi kabla, kwenye duka la Mzee Abdi, Msomali mmoja aliyekuwa na dishi juu ya paa na televisheni juu ya rafu ya sabuni. Ata alikuwa akiingia kama mwenye duka. "Abdi, fungua hiyo kitu ya mtoto wangu!" Na Mzee Abdi, aliyekuwa akiangalia mpira wake kwa raha zake, anabadilisha stesheni huku ananung'unika, "Wallahi huyu mama anaweza kutawala hata jeshi." Kisha anatoa kreti za soda tukae. Nakaal anatokea, na mtaa wake wa rangi, na mvua ya Kizungu. Kiingereza chao mimi sikukielewa, nilikuwa darasa la tatu, lakini sauti ilikuwa ya Mama, na akikasirika au akishangaa zilimtoka "Eee!" za Kiturkana, na hapo Ata anampiga Mzee Abdi kofi la begani. "Umesikia? Huyo ni wangu."

Ewoi hakuangalia. Kipindi kikianza tu, anashuka kwenye kreti, anaingia chini ya rafu. Alikuwa anajua kazi inavyokwenda: Nakaal akiwa juu, Mama yuko chini. Tulimsikia huko akisukuma mitungi ya mafuta ya kupikia, akihema, akitafuta. Halafu anatoka na vumbi kichwani, anamwangalia Mzee Abdi kama mtu aliyeibiwa. Juma linalofuata anaingia tena. Mzee Abdi ikafika mahali anaipanga mitungi upande mmoja kila Jumamosi asubuhi, ili mtoto apite vizuri. Tulikuwa tunacheka. Mungu anisamehe, lilikuwa jambo la kuchekesha kwelikweli.

Jumapili mchana Mama anapiga simu ya Ata. Ananiuliza shule, ananiuliza kichwa kimesukwa, kisha anasema, "Haya, nipe Ewoi." Ewoi alikuwa na pumzi nzito, kabla ya neno lolote unasikia kwanza anavuta hewa. Kwenye simu hakuwa na hadithi. Anahema, anasema "Nimekula maandazi," anahema tena, anairudisha simu. Mama anacheka huko mbali kana kwamba amehadithiwa kisa kizima.

Ewoi aliugua wakati wa kiangazi. Homa ilimpata usiku mmoja, kesho yake akapelekwa hospitali, ikapanda kichwani. Mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi nilimkuta Ata amekaa mlangoni, shingo tupu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona Ata bila shanga, alilala nazo, alioga nazo. Shingo yake ilikuwa nyembamba, na ngozi ya hapo ilikuwa imepauka, ya mtu nisiyemjua. Akaniita nikakaa naye chini akaniambia. Jioni wakatunyoa nywele. Tukamzika nyuma ya boma, wanaume wakapanga mawe juu yake, na upepo wa Lodwar ukaendelea kuvuma na mchanga wake, haujali.

Watu wakasema Mama apigiwe simu. Ata akakataa katakata. "Neno la kifo halitumwi kwa hewa. Mtu anaambiwa amekaa chini, watu wamemshika huku na huku. Yule yuko peke yake kwenye nchi ya baridi. Akianguka, nani atamwinua? Ngamia?" Akamgeukia kila mmoja wetu. "Ataambiwa hapa, akija, na mimi mwenyewe. Kabla ya hapo mdomo ni kufuli." Leo nikiwaza, sijui kama alikosea. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Ata alikuwa mzazi wa yule aliyefiwa. Alikuwa anamlinda mtoto wake.

Ila Jumapili ilifika, kama kawaida yake. "Nipe Ewoi." Ata akasema amelala. Jumapili nyingine, ameenda na mbuzi. Ya tatu sauti ya Mama ikawa nyembamba. "Mbona kila nikipiga hayupo? Mama, mtoto yuko wapi?" Ata akaishusha simu mapajani. Nikaichukua.

Nilivuta hewa kwanza, ile hewa yake nzito. Nikajiuliza, kama nilivyofundishwa, huyu anataka nini? Wala haikuwa ngumu. Sauti ikaja yenyewe, nzito, ya chini kidogo kuliko yangu, na makamasi yake yote.

"Mamaa. Utakuja lini?"

Nilisikia tu simu ikivuma. Kisha Mama akasema, polepole sana, "Nitakuja, baba. Umekula?"

"Nimekula maandazi."

Akacheka kidogo. Ata alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilipokata simu nilitegemea kofi, lakini alinivuta tu akaniweka kifuani.

Nyinyi wenzangu wa rika langu mtaniuliza kama niliona haya au niliogopa. Ng'o! Nilikuwa nimefurahi. Nilidhani nimegundua siri. Mama alikwisha kusema, mradi kuna wa kumsemea, yuko. Basi Ewoi alikuwapo kila Jumapili, kwa dakika chache, ndani ya koo langu. Juma zima nilimhifadhi. Nilikataa kupiga kelele michezoni nisije nikapasua koo. Nilikuwa nikienda nyuma ya boma, kwenye yale mawe, kufanya mazoezi, na sikuona ajabu yoyote kufanyia hapo. Na kila Jumapili Ewoi aliuliza lile lile. Mamaa, utakuja lini? Kwani mtoto atataka nini kingine?

Miezi ikapita hivyo. Nywele zetu zikaota. Jumamosi moja tuko kwa Mzee Abdi, rafu ya sabuni, mitungi bado imesogezwa upande mmoja, kwani hakuwa na moyo wa kuirudisha. Muziki ukapiga, Nakaal akatokea mlangoni mwa nyumba yake ya rangi. Hakuwa na shanga hata moja. Shingo ndefu, tupu, ya sponji ya manjano. Alikuwa akiongea na kucheka na wanyama wenzake kama siku zote, na hakuna aliyemuuliza.

Ata alisimama. Kreti ikaanguka nyuma yake. Alitoa sauti moja fupi, akarudi chini, akakaa sakafuni katikati ya duka.

"Mama, kuna nini?" Mzee Abdi akauliza. "Umeona nini?"

"Amejua," Ata akasema. "Abdi, mtoto wangu amejua. Anaomboleza huko peke yake."

Mzee Abdi akaangalia televisheni, akaangalia shingo ya Ata, nayo bado tupu, akaizima ile televisheni. Mimi sikuelewa, na kutoelewa kwangu kulikuwa hivi: nilijua binadamu akifiwa huvua shanga. Sikujua kwamba ngamia naye anaweza kufiwa. Nilidhani huko Uingereza kuna wezi. Huyo Mzungu gani, nikawaza kwa hasira, anaiba shanga za ngamia?

Kesho yake Ata alioga mapema, akakaa na simu mapajani. "Leo hutaongea," akaniambia. "Leo ni mimi na mama yako." Simu ilipolia alishusha pumzi, akaanza, "Mwanangu, sikiliza..." na nikasikia kabisa, maana simu ile ilikuwa ya kelele, Mama anamkata. "Mama. Tafadhali. Nipe Ewoi."

Machozi yalimtoka Ata bila uso kubadilika. Kisha akanipa simu. Baadaye nilimsikia akimweleza jirani, "Kama ameamua asiambiwe, mimi ni nani nimlazimishe?"

Nikavuta hewa. "Mamaa. Nani ameiba shanga za Nakaal?"

"Hazijaibwa, baba. Nimezifua. Zinakauka."

"Zitakauka lini?"

"Huku hakuna jua," Mama akasema.

"Utakuja lini?"

"Nitakuja."

Alikuja zaidi ya mwaka baada ya hapo, mkataba ulipomruhusu. Ata alijiandaa kama inavyotakiwa. Aliita wanawake wawili jirani, wenye nguvu, wa kumshika. Ngozi ikatandikwa kivulini. Mama akaingia mchana na sanduku la magurudumu likikokota mchanga, amenenepa, na harufu yake ya sponji. Mimi nilikuwa nimerefuka, akaniangalia kutoka juu hadi chini na kutoka chini hadi juu. Akatusalimia wote. Akakaa kwenye ngozi, akapewa maji, akagawa zawadi, akaulizia mbuzi, akaulizia mvua. Hakuulizia mtu yeyote mwingine. Wale wanawake wakakaa na mikono yao tayari, wakimtazama Ata, na Ata akimtazama binti yake, na neno halikutoka. Mtu utamwambiaje anachokijua, na amekukataza kwa macho? Chai ikanywewa. Wanawake wakaaga mmoja baada ya mwingine.

Mama akanishika mkono tukaenda upande wa pili wa nyumba. Akakaa ameegemea ukuta, akafumba macho, akanyoosha miguu.

"Haya," akasema. "Nipe Ewoi."

Nilikuwa nimeshavuta ile hewa. Nilikuwa tayari. Kisha nikamwona hivi alivyokaa, uso umeinuliwa, anasubiri, tabasamu limeshaanza, na mimi niko pale mbele yake mzima na miguu yangu mirefu, na amefumba macho.

"Unajua ni mimi," nikasema kwa sauti yangu.

Hakufumbua macho. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Sauti ulimpatia, mama. Hata pumzi. Wale ninaofanya nao kazi wasingeweza. Lakini Ewoi hajawahi kuniuliza nitakuja lini. Alikuwa mdogo, hajui lini ni kitu gani. Aliyekuwa anataka kujua lini ni wewe."

Nilikuwa mtoto, lakini hesabu yake haikuwa ngumu. Wakati ule wote nilidhani ninamfanya Ewoi amwite. Kumbe alikuwa akinisikia mimi.

"Kwa hiyo ulijua ni mimi ninakuita," nikasema. "Kila Jumapili. Na hukuja."

"Ningekuja ningekuta mawe. Kule nilikuwa na mtoto kila Jumapili." Akanyoosha mkono akapapasa hewa mpaka akanipata goti. "Mfanye mara moja tu. Mara moja, halafu basi. Nakuomba."

Mama yangu alikuwa akiniomba. Na ningeweza. Sauti ilikuwa pale kooni, inanikereketa, inataka kutoka. Ndani, Ata alikuwa akikohoa. Hakuna mtu mzima hata mmoja ambaye angeweza kulisema lile neno, wala Ata, wala wale wanawake wenye nguvu, na hakukuwa na wa kumshika huku wala huku.

Nikamshika mimi, mabega yote mawili, kadiri mikono yangu ilivyofika.

"Mama," nikamwambia. "Ewoi amekufa."

Akafumbua macho, akaniona. Kisha akapiga ukelele ambao mpaka leo sijausikia tena, Ata akatoka mbio, majirani wakatoka. Akaniangukia, akanikumbatia kwa nguvu hadi pumzi ikanibana, akinisukuma mbele na nyuma. Ndiyo mikono niliyokuwa nikiisubiri Jumapili zote zile, ilikuwa imenifikia. Nilikaa kimya ndani yake, na Mama akaendelea kuita Ewoi, Ewoi, Ewoi, mdomo wake ukiwa sikioni mwangu.